Vazi Lifuate Mwili, Si Mwili Kufuata Vazi

Mfunguo Mosi uliopita nilialikwa arusini Voi. Kwa kuwa mwenye shughuli ni mtu wa heshima kwangu, niliona si vyema kwenda na kanzu yangu ya kila Ijumaa, nikanunua mpya. Sikumwendea fundi. Niliingia dukani nikatoka na kanzu iliyokwisha kushonwa, imekunjwa vizuri ndani ya mfuko wa nailoni, nyeupe pepepe, haina kunyanzi hata moja. Nilijiona mjanja, maana nimeokoa fedha na siku tatu za kungoja.

Ujanja huo haukufika adhuhuri. Voi si Mombasa. Sisi wa pwani tuna joto, lakini tuna na pepo za bahari za kutupoza. Voi ni nyika. Jua linapiga juu na vumbi jekundu linarudisha joto kutoka chini. Kabla ya nikaha kwisha, kanzu ilikuwa imeshikana na mgongo wangu kama karatasi iliyolowa. Kisha tukakaa kwenye jamvi, na nilipouinua mkono kuipokea sinia ya pilau nikasikia mlio ambao kila mtu barazani aliusikia. Kanzu ilikuwa imeachana chini ya kwapa, kutoka kwenye mkono hadi ubavuni.

Mwenyeji wangu, Mungu amjazi kheri, alinitoa kwa mlango wa nyuma hadi kwa fundi mmoja mzee, jirani yao, mwenye cherehani ya kukanyaga. Mzee yule aliitwaa kanzu, akaigeuza ndani nje, akaitazama kwa muda bila ya kusema neno. Kisha akaniambia:

"Mwanangu, aliyeshona kanzu hii hajapata kumwona mtu akiinua mkono."

Nikamjibu, "Mzee, labda uzi ulikuwa mbovu."

"Uzi mzima," akasema. "Haina kikwapa. Kanzu imeraruka kwa kukosa nafasi."

Akatafuta kipande cha pamba katika masalio yake, akakata mraba kiasi cha kiganja, akaupachika chini ya kwapa, pembe moja ikitazama mkononi na pembe ya pili ikitazama kiunoni. Alipomaliza alinivisha, akaniamrisha niinue mikono yote miwili kama mtu anayeomba dua. Nikainua. Kanzu haikunivuta popote. Nilirudi kula pilau yangu, lakini maneno yake sikuyaacha pale, na ndiyo yaliyonisukuma kuandika haya.

KANZU ILIVYOUNDWA

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Wengi wetu tunaivaa kanzu toka utotoni na hatujapata kujiuliza imeundwaje. Hebu tuitazame. Ina badani, mbele na nyuma, ambazo hushuka moja kwa moja kutoka mabegani. Ina taharizi, yaani vile vipande vya ubavuni vinavyopanuka kuelekea chini ili miguu ipate kupiga hatua. Ina lisani chini ya ufa wa kifuani. Ina sijafu kwenye mikono. Na ina kikwapa, kipande kidogo kuliko vyote, ambacho mtu hakioni mpaka kikosekane.

Kazi ya kikwapa ni hii. Mkono ukiwa chini, umbali kutoka kiwiko hadi kiuno kwa njia ya kwapa ni mfupi. Mkono ukipanda, umbali huo hurefuka, lakini nguo hairefuki. Basi ama itapanda yote pamoja na mkono, ama itakatika. Mraba ule uliopachikwa kwa pembe hukaa umekunjika mkono ukiwa chini, na hufunguka mkono unapopanda. Tena kuna siri ya pili. Kitambaa cha kufuma kina nyuzi za mtande na nyuzi za mshindio. Ukikivuta kwa kufuata mtande hakinyooki. Ukikivuta kwa kufuata mshindio hakinyooki. Lakini ukikivuta mshazari, kutoka pembe hadi pembe, hutii. Kikwapa kimewekwa ili mvuto wa mkono upite mshazari. Kwa hiyo katika nguo nzima isiyonyooka, mafundi wetu waliweka sehemu moja inayonyooka, tena pale pale panapohitajika.

Katika miaka ya 1920 mshonaji mmoja wa Paris, Madeleine Vionnet, alipata sifa kubwa duniani kwa kukata magauni mshazari, ili kitambaa kiangukie mwili bila ya kubana wala kutiwa vyuma. Sifa hizo alistahili. Lakini hapana budi tujiulize kwa nini tunamstaajabia yeye, na huku kikwapa cha kanzu tumekiacha kipotee bila ya hata kukiaga.

LESO NA MBELEKO

Tuziache kanzu, tutazame leso. Ni kitambaa cha pamba, urefu kama mita moja na nusu, upana kama mita moja, hakina mkono, hakina kola, hakina kifungo. Kazi ya mkasi imeishia kwenye kuitenga doti na kupinda pindo. Kwa kuwa haikukatwa kwa kipimo cha mtu mmoja, humwenea kila mtu: mwari na bibi yake, mwembamba na mnene, mja mzito na aliyekwisha kujifungua. Mwili ukibadilika, leso hubadilika nao. Hakuna nguo ya dukani, hata iwe ya bei gani, inayoweza kudai hivyo.

Na leso hiyo hiyo ikifungwa mgongoni huwa mbeleko. Mtoto hukaa amekumbatia mgongo wa mama, mapaja yamefunguka, magoti yamepanda, na uzito wake umeenea katika upana wa nguo nzima. Madaktari wa mifupa wanaeleza kwamba mkao huo wa miguu iliyofunguka ndio unaofaa kwa nyonga za mtoto mchanga, na kwamba kumfunga mtoto miguu imenyooka na kubanana kunaweza kumdhuru. Bibi zetu hawakusoma haya kokote. Walijua kwa kuwa mtoto aliyekaa vibaya hulia, na aliyekaa vizuri hulala.

Katika miaka ya 1960 muuguzi mmoja wa Kimarekani, Ann Moore, alikwenda Togo na kikosi cha Peace Corps. Akaona kina mama wa huko wamewabeba watoto wao mgongoni kwa vitambaa, nao watoto wametulia. Aliporudi kwao na kupata mtoto wake mwenyewe, alijaribu kufanya kama wao, na kwa msaada wa mama yake akatengeneza kibebeo cha nguo laini kilichoitwa Snugli. Hati ya kukimiliki kibuni hicho aliipata mwaka 1969, na biashara ikakua. Simlaumu bibi huyo hata kidogo. Aliona jambo jema, akaliheshimu, akaliandika, akalifanyia kazi. Aibu, kama ipo, ni yetu, sisi ambao leo tunamwona mama wa mjini ametundika mtoto kwenye kibebeo kigumu chenye mikanda ya plastiki inayomkata mabega, na tunadhani kwamba yeye ndiye aliyeendelea kuliko mwenzake mwenye leso.

KITAMBAA CHA UGENINI, MKATO WETU

Pengine msomaji atasema: mbona kitambaa chetu tangu zamani kilitoka ng'ambo? Ni kweli. Marekani ilifanya mkataba wa biashara na Sayyid Said mwaka 1833, na meli za Salem zikaleta Unguja majora ya pamba isiyotiwa rangi, na hata leo kitambaa hicho jina lake ni merikani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861 mali hiyo ikaadimika, na nguo za Bara Hindi na Uingereza zikachukua nafasi yake. Leso nazo zimepigwa chapa katika nchi nyingi zisizokuwa zetu.

Lakini kitambaa kilipofika bandarini kilikuwa hakijawa vazi. Aliyekifanya vazi ni fundi wa Mombasa, wa Lamu, wa Unguja, aliyejua joto la kwao, anayejua kuwa mteja wake atarukuu na kusujudu mara nyingi kwa siku, atapanda ngazi, atavuta jarife, atabeba mtoto. Kitambaa kilikuwa cha ugenini na mkato ulikuwa wetu. Jambo jipya la zama hizi ni kwamba mkato nao unatujia ndani ya mfuko wa nailoni, umeamuliwa na mtu asiyetujua sisi wala jua letu.

Hata kofia ina somo. Itazame kofia ya mkono ya Lamu dhidi ya jua. Ni pamba juu ya pamba, nayo imejaa vitobo vidogo vilivyozungushiwa uzi kwa sindano. Tunavisifu vitobo hivyo kwa uzuri, na ni vizuri kweli, lakini pia ni madirisha. Kichwa kinapumua. Kofia ya mashine iliyochapwa mauwa bila ya kutobolewa inafanana nayo kwa mbali tu. Vaa moja Voi saa nane za mchana, kisha vaa ya pili, na kichwa chako kitakupa hukumu.

PAMBA NA POLIESTA

Nguo nyingi zinazouzwa sasa ni za poliesta. Uzi huu ulivumbuliwa Uingereza mwaka 1941 na Whinfield na Dickson, nao si uzi mbaya kwa kila kazi. Hauchakai upesi, haukunjamani, hukauka haraka, rangi yake haipauki, na bei yake ni nafuu. Mama mwenye watoto watano hawezi kudharau sifa hizo, na mimi sitamdharau yeye kwa kuzifuata.

Ila kuna jambo moja lazima alijue. Pamba katika hewa ya kawaida hunyonya unyevu upatao asilimia 8 ya uzito wake. Poliesta haifiki hata nusu ya asilimia moja. Maana yake ni kwamba jasho likitoka mwilini, pamba hulipokea na kulitoa nje taratibu. Poliesta iliyofumwa kwa kubana huliacha pale pale juu ya ngozi. Ndiyo sababu kanzu yangu ya arusini ilinigandama.

Nguo inayositiri mwili mzima haina budi kufikiriwa zaidi kuliko nguo fupi. Wako wasiotujua wanaosema kwamba kujisitiri ndiko kunakoleta joto. Hapana. Mwaka 1980 wataalamu wakiongozwa na Amiram Shkolnik walichapisha katika jarida la Nature utafiti juu ya majoho meusi ya Mabedui katika jangwa la Negev. Walimsimamisha mtu juani mchana akiwa na joho jeusi, kisha jeupe. Wakaona kwamba joho jeusi lilipokea joto zaidi kweli, lakini joto lile la ziada lilipotea kabla ya kuifikia ngozi, kwa kuwa joho lilikuwa pana na hewa ilipita kati ya nguo na mwili. Aliyevaa jeusi na aliyevaa jeupe, ngozi zao zilipata joto sawasawa. Basi tatizo la buibui zinazowachosha dada zetu si sitara, wala si weusi peke yake. Ni kitambaa kisichopitisha kitu, pamoja na mkato wa kubana unaoiziba njia ya hewa. Joho la Bedui lilikatwa na mtu anayeijua jangwa. Sisi nasi tuna haki ya buibui iliyokatwa na mtu anayeijua Voi.

Na hili si jambo dogo hata mbele ya dini. Katika Sura An-Nahl, miongoni mwa neema zinazotajwa, zimo nguo zinazomkinga mtu na joto. Kumbe faraja ya mwili katika vazi ni neema ya kushukuriwa, wala si anasa ya kuonewa haya.

VOI NA WUNDANYI

Kaunti ya Taita Taveta inalionyesha jambo hili wazi kuliko mahali pengine. Voi iko chini ya mita 600 kutoka usawa wa bahari. Ukipanda gari kupitia Mwatate hadi Wundanyi umefika zaidi ya mita 1,300, na asubuhi ukungu umefunika migomba na watu wamejifunika masweta. Ni kaunti moja, na hali ya hewa ni mbili. Lakini nilipokuwa Voi niliwaona watoto wa shule wakirudi nyumbani mchana na masweta mazito ya nyuzi za plastiki, kola zimefungwa, nyuso zinang'aa jasho. Sweta lile lingekuwa rehema Wundanyi. Voi ni adhabu. Mtoto anayejikuna shingo na kujipepea kwa daftari atamsikiliza mwalimu kwa sikio gani?

Isitoshe, mikono ya kazi Taita haikosekani. Kina mama wa Kitaita wanatwaa katani, uzi mgumu unaochoma, wakausokota pajani mpaka ukatii, wakasuka vikapu vinavyojulikana mbali. Kikapu kizuri hakiishii kwenye rangi zake. Mtazame aliyekitia ukanda mpana wa ngozi badala ya kamba nyembamba. Uzito ni ule ule, lakini umeenea begani, haukati. Huo ni ujuzi wa kuwafaa watu mwilini, nao uko hapo hapo karibu na mashamba ya mkonge ya Voi na Mwatate.

Huko Rukinga, karibu na Maungu, kampuni ya Wildlife Works iliyoanzishwa na Mike Korchinsky mwaka 1997 ilijenga kiwanda cha nguo ili wenyeji wapate kazi pasipo kukata miti wala kuwinda. Mikono ya nyika hii ikashona fulana za pamba laini za kwenda kuuzwa ng'ambo. Kazi ni kazi, na mshahara ni riziki. Hata hivyo nashindwa kujizuia kutamani siku ambayo mikono iyo hiyo itamshonea mtoto wa Voi shati la pamba la shule, kwa bei ambayo baba yake anaiweza.

WATASEMA NI GHALI

Najua nitajibiwa kwamba nguo ya pamba ni ghali na mitumba iko tele. Tangu soko lilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, mitumba imewavisha wengi ambao wangekosa, na viwanda vyetu vingi vimefunga milango. Rivatex ya Eldoret ilianguka, ikaja kununuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007. Sitaki mtu aache mtumba wa pamba unaomfaa. Lakini wahenga walituonya kwamba nguo ya kuazima haisitiri maungo, na anayevaa mkato wa mwili wa mwingine kila siku, mwishowe huona mwili wake ndio wenye kosa.

Tena hesabu ya bei hatuifanyi sawa. Kanzu yangu ilikuwa nafuu siku ya kununua tu. Ukitia malipo ya fundi, na aibu ya jamvini, na kwamba nje ya siku za baridi siivai, ni ghali kuliko ile ambayo ningeshonewa.

Basi ninayo machache ya kuomba, na yote yanawezekana.

Kwa mnunuzi: usikubali neno "pamba" kwa mdomo. Chomoa uzi mmoja kwenye pindo, uuchome kwa kiberiti mahali salama. Pamba huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Kisha vaa nguo ile, inua mikono, chuchumaa, sujudu. Kama haikuruhusu, irudishe.

Kwa fundi: loweka kitambaa cha pamba na ukianike kabla ya kukikata, kiruke maji mikononi mwako na si mwilini mwa mteja. Rudisha kikwapa. Ukilazimika kushona poliesta, ipe upana, ipe nafasi ya hewa shingoni na ubavuni. Na mfundishe kijana mmoja yale unayoyajua, kabla ya mkasi wako kunyamaza.

Kwa walimu na wazazi wa shule: kaeni kikao kimoja mjadili sare kwa joto la mahali penu. Shati la pamba, au hata la mchanganyiko wenye pamba nyingi, na ruhusa ya kuvua sweta jua likipanda, haviharibu nidhamu ya mtu.

Kwa wakubwa wa kaunti: mnapotafuta wa kushona sare na mashuka ya hospitali, anzeni na mafundi wa Voi, Taveta na Wundanyi, na katika masharti yenu andikeni kitambaa, msiandike bei peke yake.

Kanzu ile ninayo bado. Nimeitoa juzi sandukuni nikaitazama. Kitambaa chote ni cheupe cha kung'aa, ila chini ya kwapa la kulia kuna mraba mdogo wa pamba wenye weupe wa maziwa, haufanani na kingine. Mke wangu ameniuliza kwa nini sikumwambia yule mzee atafute kipande cha kulingana. Nimemjibu kwamba katika nguo nzima, hicho ndicho kipande pekee kilichoshonwa na mtu aliyenifikiria mimi.